Mbali ni Wapi?

Katika jumuiya yetu hapa Uingereza aliwahi kufariki mzee mmoja aliyezaliwa Unguja, na ambaye aliishi katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 30. Hatutamtaja jina, wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu. Hata maiti haijaoshwa, simu zilianza kulia. Mdogo wake marehemu alisema kutoka nyumbani: "Mleteni kwao, msimwache katika nchi ya watu." Binti yake marehemu, aliyezaliwa na kusoma hapa hapa, alimjibu kwa adabu: "Ami, kwake baba ni hapa. Wajukuu wake wapo hapa. Huko nani atamzuru?"

Sisi tuliokuwa tumekaa sebuleni tukagawanyika. Wako waliosema kwamba moyo wake siku zote ulikuwa Unguja, basi na mwili uufuate moyo. Wako waliosema kwamba ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, na udongo ni udongo. Mwenzetu mmoja mwenye elimu alitukumbusha kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii haipendezi kumhamisha maiti kutoka mji hadi mji, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas. Kauli hiyo ilituliza mjadala, na mzee akazikwa hapa siku ya pili yake.

Mjadala ulitulia, lakini swali lilibaki. Usiku ule kila mmoja wetu alikuwa akitumia maneno ya mahali: kwao, hapa, huko, mbali, karibu, moyoni. Hapana aliyemuuliza mwenzake ana maana gani anaposema "mbali". Wanafalsafa na masufi wa Kiislamu walilishughulikia swali hili kwa karne nyingi, nao walilitazama kwa undani kuliko sisi tuliokuwa tukinywa kahawa ya msiba. Tunaona inafaa tukae nao kidogo.

Na tuanzie katika lugha yetu wenyewe, kwani maneno mengi waliyoyatumia tunayo vinywani kila siku. "Karibu" asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kilicho jirani. Sisi tumelifanya kuwa ukarimu: mgeni akipiga hodi tunamwambia karibu, yaani tunauondoa umbali uliopo baina yake na sisi. Kutokana na mzizi huo huo tumepata "akraba", jamaa zetu, ambao kwa maana ya asili ni wale walio karibu zaidi. Ama "ughaibuni", neno tunalojiita nalo, limetokana na ghaibu, kisichoonekana, kisichohudhuria. Lilitungwa kwa mtazamo wa waliobaki nyumbani: sisi ndio tusioonekana. Lakini mzizi huo huo umetupa neno "ghibu". Mtoto wa chuoni akisoma Juzuu Amma kwa ghibu, huisoma bila ya msahafu mbele yake, kwa sababu imeshaingia moyoni. Kumbe kilichoghibu machoni kinaweza kuwa ndicho kilichokaa ndani zaidi.

Wanazuoni wa mwanzo walikabiliwa na suala zito kuhusu mahali. Qurani inamtaja Mwenyezi Mungu kuwa juu ya Arshi, na inamtaja pia kuwa karibu na mwanadamu kuliko mshipa wa shingo yake. Mtu akizichukua kauli hizi mbili kama vipimo vya fundi wa nyumba, hazitakaa pamoja. Wako waliozipokea kama zilivyokuja bila ya kuuliza "vipi". Wako waliozifasiri, wakisema kwamba "juu" hapa ni utawala na utukufu. Maibadhi, ambao madhehebu yao ndiyo ya watu wengi wa Oman na yalikuwa ya masultani wa Zanzibar, walishikilia kwamba Mwenyezi Mungu hana mahali wala upande, na wanazuoni wa Kiashari nao walilikataa wazo la kwamba Muumba amezungukwa na pahala. Walihitilafiana katika njia, lakini karibu wote walikubaliana kwamba Mola hafanani na kiumbe anayechukua nafasi, akihamia hapa panakuwa patupu pale.

Kiswahili kinatusaidia kulielewa jambo hili. Tukitaka kusema kwamba Mungu ana kuwepo, tunasema "Mungu yupo". Hiyo "po" ni ile ile ya hapo na papo, ni alama ya mahali. Hata hivyo, hapana bibi yetu aliyesema "Mungu yupo" akakusudia pembe fulani ya dunia. Alitumia neno la mahali kusema jambo lisilo na mahali, na kila aliyemsikia alimfahamu.

Basi kwa nini mtu anayeomba huinua mikono juu? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analijibu swali hili katika kitabu chake mashuhuri, Ihya. Anasema mbingu ni kibla cha dua, kama Al-Kaaba ilivyo kibla cha sala. Hapana anayedhani kwamba Mola anakaa ndani ya Al-Kaaba kwa kuwa tunaielekea. Vivyo hivyo kuinua mikono si kuonyesha anuani. Mwanadamu ana mwili, na mwili unahitaji upande wa kuelekea, hata pale ambapo anayeombwa hana upande. Na tazameni sijda. Suratul Alaq inamalizika kwa amri ya kusujudu na kukurubia. Mtu anakuwa chini kabisa, paji la uso limegusa ardhi, na hapo ndipo anapoambiwa kwamba amekaribia. Ramani ya juu na chini imepinduka.

Sisi watu wa safari tunalijua jambo la kibla kuliko wengi. Kwetu Unguja na mwambao wake kibla kipo kaskazini, hata wazee wetu walilitumia neno "kibla" kwa maana ya upande wa kaskazini. Aliyekwenda Maskati alikikuta magharibi. Aliyefika London anaelekea kusini mashariki, na wenzetu wa New York wanaelekea kaskazini mashariki. Kibla hakikuhama, aliyehama ni yeye. Mtoto aliyefundishwa Unguja kwamba kibla ni kaskazini, akashikilia kaskazini hapa Uingereza, atakuwa ameuhifadhi upande na kukipoteza kibla. Tunadhani hali hiyo inawapata wengi wetu katika mambo yasiyokuwa ya sala. Tunazishika desturi za nyumbani kwa upande ule ule tuliouachia, tukasahau kwamba aliyetufundisha hakuukusudia upande, alikusudia kile kinachoelekewa.

Kabla ya Ghazali alikuwapo Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037. Yeye alitaka tufikirie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa kamili, amening'inia hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake vimetawanywa visigusane, na hewa yenyewe haimgusi kiasi cha kuihisi. Mtu huyu hajui kuwa ana mkono wala mguu. Hajui juu wala chini. Je, atajua kuwa yeye yupo? Ibn Sina anajibu kwamba atajua bila ya shaka, na hiyo kwake ni ishara kwamba nafsi ya mtu si mwili wake. Kwa Kiswahili tungesema kwamba mtu yule anaweza kusema "nipo", lakini hawezi kusema "niko wapi".

Nani katika sisi hajawahi kuamka usiku wa manane katika chumba cha kupanga, katika mji mgeni, kwa dakika nzima asijue yuko nchi gani, lakini akajua kwamba ni yeye? Mfano wa Ibn Sina unatupa faraja ya kweli: mtu akivuliwa mji wake, mtaa wake na lugha ya dukani, bado kuna kitu kinachobaki. Lakini tusiuchukue zaidi ya alivyoukusudia. Mtu yule aliyening'inia hana jirani. Hana wa kumpa salamu wala wa kumdai. Ametuthibitishia kwamba nafsi ipo. Namna ya kuishi na watu hakutufundisha.

Aliyetukaribia zaidi sisi wa ughaibuni ni Shihabuddin Suhrawardi. Alizaliwa Suhraward, kaskazini magharibi ya Iran, akauawa katika mji wa Aleppo nchini Syria mwaka 1191, umri wake ukiwa miaka thelathini na kitu. Falsafa yake inaitwa Hikmatul Ishraq, yaani hekima ya macheo, na neno hilo Ishraq ni ndugu wa "mashariki" yetu: mahali panapochomoza jua. Upande wa pili ni magharibi, jua linapozama. Na kwa Kiarabu mzizi unaotoa "magharibi" ndio unaotoa pia gharib, mgeni, na ghurba, maisha ya ugenini. Suhrawardi aliuona udugu wa maneno haya, akatunga kisa kinachoitwa Kisa cha Ugeni wa Magharibi.

Msimuliaji wa kisa anasafiri pamoja na ndugu yake kutoka nchi za mashariki, ng'ambo ya mto Oxus, kwenda magharibi kuwinda ndege. Wanafika Qayrawan, mji ambao leo upo Tunisia. Wenyeji wanapotambua wametoka kwa nani, wanawakamata, wanawafunga minyororo na kuwatia katika kisima kirefu chenye giza. Juu ya kisima pana kasri. Usiku wanaruhusiwa kupanda hadi kasrini na kuchungulia madirishani. Ikifika asubuhi lazima warudi chini. Usiku mmoja wa mbalamwezi anaingia ndege hudihudi na barua kutoka kwa baba yao, inayowaita warudi. Baada ya safari ngumu ya bahari na milima, msimuliaji anamfikia baba yake. Na hapo, msomaji akitaraji kwamba kisa kimekwisha kwa furaha, baba anamwambia kwamba hana budi kurejea tena katika kifungo cha magharibi, kwani minyororo haijamtoka yote. Lakini anambashiria mambo mawili: kwamba sasa njia ya kuja ataipata kwa wepesi kila atakapo, na kwamba mwisho wake atakuwa huru kabisa.

Wanaosoma kisa hiki wanakubaliana kwamba Qayrawan ya Suhrawardi si Qayrawan ya ramani. Magharibi yake ni ulimwengu wa mwili na matamanio, kisima ni mwili wenyewe, na mashariki ni ulimwengu wa nuru. Mtu anaweza kuzaliwa mashariki ya ramani akaishi maisha yake yote kisimani. Mwandishi huyu huyu alibuni kwa Kiajemi jina la Nakojaabad, maana yake mji wa "hakuna wapi", akikusudia ulimwengu usioweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwa hiyo anayesoma kisa hiki London na kuhitimisha kwamba magharibi ni Ulaya na kwamba wokovu ni tiketi ya ndege, hajamsoma Suhrawardi, amejisoma mwenyewe.

Lakini kuna jambo tunaloliona muhimu zaidi, nalo ni lile agizo la kurudi kisimani. Suhrawardi angeweza kumwacha mtu wake mlimani kwa baba. Hakumwacha. Mtu aliyeujua mji wake wa kweli bado anarudishwa pale alipokuwa, kwenye giza lile lile, akiwa na elimu ya njia. Kuijua siri ya mahali hakumwondolei mtu mahali alipo.

Sasa turejee kwa mzee wetu, kwani tuna la kukiri. Miaka miwili ya mwisho aliishi peke yake katika fleti ndogo ya ghorofa ya tatu, maili 4 kutoka ukumbi tunaokutania. Miguu ilimshinda kushuka ngazi. Binti yake alikuwa akija kutoka mji mwingine kila alipopata nafasi ya kazi. Wengi wetu tulikuwa na gari. Tukikutana tuliulizana, "Mzee hajambo?" na tukajibizana, "Hajambo, alhamdulillahi," ilhali aliyejibu alikuwa hajamwona kwa miezi. Mdogo wake wa Unguja, ambaye hajawahi kukanyaga nchi hii, alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa. Siku ya msiba ni yeye aliyetuambia kwamba kaka yake alikuwa ameacha kunywa chai ya maziwa kwa amri ya daktari, na kwamba kilichokuwa kikimsumbua usiku ni bega. Sisi wa maili 4 hatukuwa na habari ya chai wala ya bega.

Basi usiku ule tulipokuwa tukigombania kama Unguja ilikuwa mbali na mzee au karibu naye, umbali uliotuhusu ulikuwa mwingine. Ulikuwa umekaa nasi sebuleni, na hapana aliyeutaja.

Imam Ghazali, anapozungumzia kumkaribia Mola, anasema wazi kwamba ukaribu huu si wa mahali. Mja hukaribia kwa sifa: kwa elimu, kwa wema, kwa huruma juu ya viumbe, kwa kuwaelekeza katika kheri na kuwazuia na batili. Anayeongeza sifa hizo anakaribia, hata akiwa hajasogea hatua moja. Sisi tunaona kwamba alilolisema kuhusu Mola linatufunza pia namna ya kukaribiana baina yetu. Ukaribu ni jambo linalotendwa. Mdogo wake marehemu aliutenda kwa simu kila Ijumaa, na sisi hatukuutenda kwa gari.

Masufi walikuwa na tofauti nyingine ya kufaa hapa, iliyoelezwa na al-Qushayri wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1072. Alitenganisha hali na makamu, maneno tuliyonayo sote: tunaulizana hali kila asubuhi, na tunasema fulani ni mtu wa makamo. Makamu ni mahali pa kusimama, ambapo mtu hupafikia kwa juhudi na kukaa. Hali hushuka moyoni bila ya kuitafuta, kisha huondoka. Kwa kipimo hiki, hamu ya nyumbani ni hali. Hutujia kwa harufu ya karafuu, kwa taarabu ya harusini, kwa mvua ya ghafla, na macho yakalengalenga. Ni neema, wala hatuidharau. Lakini ikishapita inatuacha tulipokuwa. Kumtazama mgonjwa, kumpigia simu mama mzazi hata siku isiyokuwa na habari, kulipa deni lililoachwa nyumbani: hizo ni makamu, zinajengwa. Wengi wetu tuna utajiri wa hali, na katika makamu ni maskini.

Hapa lazima tujihadhari na hila moja ya nafsi. Mafundisho haya ya kwamba umbali haupimwi kwa maili yanaweza kugeuzwa kuwa udhuru. Mtu husema, "Nimeshindwa kuja, lakini moyo wangu uko nanyi," akajiona amefika. Wahenga wetu hawakuwa masufi wa vitabuni, lakini walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu ya Ijumaa, pamoja na uzuri wake, haikuweza kumshika mzee mkono akateremka ngazi. Hilo lilihitaji mtu mwenye miguu, aliye hapa, siku ile. Yaliyo ya moyo yana mahali pake, na yaliyo ya mkono yanataka mkono. Wanafalsafa tuliowataja walilijua hili: Ghazali aliyesema Mola hana upande hakuwaambia watu wateremshe mikono, na Suhrawardi alimrudisha mtu wake kisimani.

Kwa hiyo tukiulizwa leo swali la usiku ule, kama mzee alikuwa wa huku au wa huko, hatutakuwa na jibu la kumridhisha kila mtu. Mdogo wake bado anasikitika, na ana haki. Binti yake anakwenda kumzuru baba yake pamoja na watoto, naye pia ana haki. Kaburi lenyewe lipo katika sehemu ya Waislamu ya makaburi ya mji. Kwetu Unguja lingelazwa mashariki kwa magharibi ili uso wa maiti uelekee kaskazini. Hapa limekatwa mshazari, likipingana na safu za Wakristo zilizofuata njia ya bustani, ili uso ule ule ukielekee kibla kile kile.

Tangu siku hizo baadhi yetu tumegawana zamu za kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Wapo wachache, na hapana aliye mbali zaidi ya nusu saa kwa gari. Wa kwanza tuliyemwendea alifungua mlango, akatutazama kwa muda kana kwamba anatukumbuka kutoka nchi nyingine, kisha akasema, "Karibuni."

Wabillahi tawfiq.